Koti Uliloomba Nikuachie

Mwanangu Shiru,

Umetoka hapa sasa hivi. Umenawa mikono bila kuambiwa, umesugua mpaka kwenye viwiko, umechokoa kucha kwa njiti ya kiberiti, halafu ukaja ukaninyooshea yote miwili, ukaigeuza juu na chini, vile sisi huonyesha kazini kabla ya kuruhusiwa kuingia kula. Ukaniuliza, "Mami, nikinawa hivi kila siku, si nibaki?" Ukangoja kidogo. Ukajifuta kwa sketi, ukaenda zako kwa Mama Rehema. Sasa nakusikia ng'ambo ya mabati ukimwambia eti mami anaandika barua ya watu wakubwa.

Si ya watu wakubwa, ni yako. Nimeshindwa kukujibu kwa mdomo, wacha nijaribu kwa kalamu, ingawa unajua mwandiko wangu hupanda mlima ukielekea mwisho wa mstari. Mimi niliishia darasa la nane. Ukikuta makosa, yaruke kama unavyoruka madimbwi hapo nje.

Kesho asubuhi Cucu, mama yangu, anakuja kukuchukua mwende Molo. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwa nini, na wiki hii yote nimekuona ukilitafuta. Umeosha vyombo ambavyo tayari ni visafi. Umemrudishia Rehema shanga zake, zile ulikuwa umekataa kabisa kurudisha, ukiwa na uso wa mtu anayelipa faini. Jana ukanisogelea ukaniambia kwa sauti ndogo kwamba kioo changu ni wewe uliyekivunja, si paka. Mwanangu, ya kioo niliijua. Hatuna paka.

Sitakuandikia habari za kupiga mswaki na kuvaa soksi mbili. Cucu atakuambia hayo mpaka masikio yajikunje, na baridi ya Molo itakuambia mengine. Cucu ni hodari wa kumwambia mtu cha kufanya. Kwa nini akifanye, hapo ndipo yeye hunyamaza. Nayajua hayo kwa sababu nililelewa naye mpaka nikawa na umri kama wako hivi, kisha akanitoa nyumbani.

Sijawahi kukusimulia. Tulikuwa Kihoto, kabla ziwa halijaja. Nilivunja chupa ya chai, ile nyekundu yenye maua ambayo ilikuwa haiguswi mpaka mgeni aje. Nikazoa vioo vya ndani, nikavifukia nyuma ya choo, na hakuna aliyesema neno. Muda si mrefu nikafungiwa nguo zangu ndani ya kanga kuukuu, nikapelekwa Gilgil kwa Tata Njeri, dada ya babangu. Cucu aliniambia tu, "Utarudi Krismasi." Krismasi ikapita. Nikakaa huko mpaka nikawa msichana mkubwa. Kwa Tata nilikuwa nabeba vikombe kimoja kimoja, kwa mikono miwili, pole pole, mpaka watoto wake wakaniita Bibi Harusi. Hawakujua hesabu niliyokuwa nafanya. Nilifikiri nikikaa muda mrefu wa kutosha bila kuvunja kitu, habari zitafika Kihoto na nitaitwa.

Nilikuja kujua ukweli wakati tayari nilikuwa na wewe tumboni. Babangu alikuwa na kifua kikuu, na Cucu aliogopa kinishike. Basi, ni hivyo tu. Nikamuuliza, na ile chupa? Akaniangalia akiwa ameshika ungo, amesahau kupepeta. "Chupa gani?" akasema.

Kwa hivyo Shiru, naandika hii ili usiende Molo ukabebe vikombe kwa mikono miwili.

Wewe unaenda kwa sababu ya ledi. Ile ledi ya kazi yangu, ambayo kwenye vitabu vya shule inaitwa madini ya risasi. Imeingia kwenye damu yako, na haikuingia yenyewe. Mimi ndiye niliyekuletea. Nimeandika hiyo sentensi na nimeiangalia, na sitaifuta.

Wacha nianze mbali kidogo ndio uone vile mtu anaweza kufika mahali pabaya akiwa anatembea vizuri. Maji ya ziwa yalipoingia Kihoto ulikuwa mdogo. Nilikutoa ukiwa mgongoni na godoro likiwa kichwani, na wewe ulikuwa unacheka kwa sababu bata wa jirani walikuwa wanaogelea jikoni kwetu. Baba yako wakati huo alikuwa ameshaenda Kariandusi kwenye machimbo ya ule udongo mweupe, akapata kazi, akapata na nyumba nyingine. Simsemi vibaya. Nakuambia tu ili ujue kwamba hata hilo si wewe uliyelivunja. Cucu akapanda Molo kwenye kipande cha shamba cha watu wao, mimi nikasema nitajaribu Nakuru.

Kazi niliyopata ilikuwa hapo nyuma ya ploti yetu, ndani ya ule ua wa mabati ambao siku hizi umefungwa kufuli na magugu yamepanda juu yake. Ilikuwa yadi ya Mzee Kiprono. Watu wa mikokoteni walikuwa wanaleta betri zilizokufa, za magari, za malori, za trekta. Tulikuwa tunazipasua kwa shoka, asidi tunaimwaga chini hapo hapo, tunatoa zile sahani za kijivu za ndani, tunazitupa kwenye pipa lililokatwa juu ya makaa. Ledi ina roho nyepesi, haisumbui moto kama chuma. Inalegea, inalala, inakuwa maji. Juu inafanya ngozi chafu, na ukiikwangua kwa mwiko wa chuma unakuta chini inang'aa mpaka unaona uso wako. Ukipepesa macho, ngozi nyingine imeanza kuota. Tulikuwa tunaimimina kwenye makarai, inapoa, inatoka vipande vizito kama matofali, na lori linakuja kuvichukua kupeleka Nairobi kutengenezwa betri mpya.

Mimi niliipenda hiyo kazi. Wacha nisikudanganye kwenye barua. Nilikuwa nimetoka mahali ambapo maji yalichukua kila kitu na hakuna kilichorudi, halafu nikafika mahali ambapo takataka ya watu inaingia upande mmoja na kitu cha maana kinatoka upande wa pili. Nilikuwa nasimama kuangalia lori likitoka na ledi yetu kama mtu anayesindikiza mtoto chuo kikuu. Mzee Kiprono alinicheka. Aliniambia, "Mama Shiru, hiyo ledi haitakuandikia barua."

Mzee Kiprono alikuwa mtu mzuri. Alinipa kazi nikiwa na mtoto, wakati wengine walikuwa wananiambia nirudi nikiwa bila. Na alikuwa na sheria zake za moto, alizopewa na waliomtangulia, akatupa na sisi. Ya kwanza, mtu akitoka kwa moto asiguse maji. Mwili ukiwa umeshika joto ukaumwagia maji, mishipa inashtuka, unapata numonia ama unakufa ganzi upande mmoja. Uende nyumbani, ukae, upoe, uoge baadaye. Ya pili, mtu akimaliza kazi anywe maziwa, kwa sababu maziwa "inafagia kifua". Kila jioni alikuwa anatupatia pakiti kila mtu.

Na mimi nilizifuata kama amri za kanisani. Nilikuwa natoka na vumbi langu lote, kwenye nywele, kwenye shingo, na wewe unanikimbilia mlangoni, nakuinua, unanilalia hapa begani. Siogi, nangoja kupoa. Yale maziwa nilikuwa nakunywa nusu tu. Nusu nilikuwa nakuletea, pakiti nimeifunga mdomo kwa vidole hivi hivi, na wewe unaweka mdomo pale pale nilipokuwa nimeshika. Ukimaliza unalamba kona. Nilikuwa nakutazama nikijiambia, angalau kifua cha mtoto wangu kinafagiwa.

Yadi ilifungwa. Nikakaa bila kazi, nikafua nguo za watu, halafu nikaitwa kwenye kile kiwanda cha upande wa reli. Huko mambo yalikuwa tofauti. Betri zinakatwa na mashine, asidi inakingwa kwenye tangi, na tanuru yenyewe imefungwa, ina bomba kubwa linalovuta moshi juu. Nilipewa gambuti za mpira. Nilipewa maski ambayo inakufanya upumue kama ng'ombe aliyepanda mlima. Ukiwa umevaa hiyo maski huwezi kuongea na mtu, na kelele zenyewe haziruhusu, kwa hivyo shifti nzima mtu yuko peke yake na kichwa chake. Kichwa changu kilikuwa hapa, kwako. Wakati huo nilikuwa shifti ya usiku, na wewe unalala peke yako, Mama Rehema akikusikiliza kupitia mabati.

Unakumbuka ulivyokuwa unalia? Ulikuwa unashika mguu wa meza. Siku moja nikiwa nakubembeleza ukaliona lile koti langu la pili la kazi likiwa kwenye msumari. Ukalitoa, ukajifunika mpaka puani. Ukasema, "Niachie hii. Inanuka wewe." Na ukanyamaza. Shiru, hujui vile nilitembea usiku ule kwenda kazini. Nilikuwa mwepesi. Nilihisi kama nimejikata vipande viwili na kipande kimoja kimebaki kukulinda.

Ukawa hulali bila hilo koti. Ulikuwa unanyonya kola yake ukisinzia. Mara moja nililifua nikalianika, na jioni ukalinusa ukalitupa chini, ukaniambia hilo si mimi. Ukalia mpaka ukatapika. Basi nikaacha kulifua. Nikawa navaa moja kwa siku kadhaa, nakuachia, nachukua lile lingine, ili lisikose harufu. Nilikuwa nafanya hivyo kwa makusudi, kwa mapenzi. Harufu uliyokuwa unaita mami ilikuwa ni jasho langu na vumbi la ledi, na pua yako haingeweza kutenganisha. Hata yangu haikuweza.

Halafu kiwanda kikajenga vyumba vya kuogea na mahali pa kufulia. Ikatangazwa kwamba kuanzia sasa mtu anaoga kazini kabla ya kutoka, maji ya moto yapo, na koti la kazi halivuki geti. Wengi wetu tuliguna. Tulisema ni mambo ya wakaguzi, wakishaenda tutarudi kawaida. Mzee mmoja wa tanuru alisema anaogeshwa na serikali kama kondoo kwenye dipu. Mimi nilicheka pamoja na wao, lakini nilikuwa nawaza kitu kimoja tu. Leo usiku Shiru atalala na nini?

Kwa hivyo nikawa nalitorosha. Nilikuwa nalizungusha kiunoni chini ya leso, kama mwanamke aliyenenepa kidogo. Yule askari wa geti, unayemwita Anko Tochi, alikuwa anamulika mkoba wangu akitafuta ledi iliyoibwa, kwa sababu wako watu wanaopitisha vipande kwa watu wa skrepu. Alikuwa ananitania, "Mama Shiru, siku hizi ugali unakubali." Nikacheka, nikapita. Alikuwa anatafuta kipande. Mimi nilikuwa nimeibeba ya unga, kwenye mishono ya koti, naileta kitandani kwako.

Sitaki kuandika habari za tumbo lako. Unazijua. Nilikupa dawa ya minyoo, nikakupa tena. Mwalimu akaniita akasema siku hizi unakaa kama mtu anayesikiliza redio ya mbali, unaambiwa kitu saa hii na saa hii hukikumbuki. Nilirudi nyumbani na aibu, na aibu ni mwalimu mbaya. Nilikukalisha hapa tufanye taimu tebo ya saba, saba mara moja, saba mara mbili. Ulifika katikati ukapotea, tukaanza upya, ukapotea pale pale. Nikakupiga na mwiko kwenye mkono. Nikakuita kichwa maji. Uliniangalia, na uso wako haukuwa wa mtoto mkaidi. Ulikuwa wa mtu anayetafuta kitu alichokiweka mezani kwa mkono wake mwenyewe na hakioni. Niliona, na nikakupiga tena kwa sababu niliona. Nisamehe. Hukuwa umesahau kwa kutaka. Mimi ndiye niliyekuwa nachukua, kila asubuhi naleta vumbi jipya na kila usiku nakuachia likupokonye zaidi.

Aliyetufungua macho ni sista wa kiwanda, yule mrefu anayetutoa damu kupima. Ledi ya damu yangu ilikuwa juu. Wakanitoa kwenye tanuru, wakaniweka kwenye kupanga matofali ya ledi yaliyopoa, ili ishuke. Haikushuka. Sista akaniita pembeni. Akaniambia, "Unavaa maski, unaoga, nimeuliza. Nyumbani kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu, kuna mtoto. Akasema nikulete. Ndiyo ile siku uliyopewa peremende kwa kutolia. Damu yako ilikuwa mbaya kuliko yangu.

Sista aliuliza unachezea wapi. Nikamwonyesha, nyuma ya ploti, karibu na ule ua. Akaandika. Akauliza unakula nini, akaandika. Akauliza, "Analala na nini?" Nikaanza kumwambia kuhusu koti, na nilikuwa natabasamu, Shiru, kwa sababu ni hadithi niliyokuwa napenda kuisimulia. Katikati ya hadithi nikasikia ninachosema.

Hakunigombeza. Ni afadhali angenigombeza. Alivuta kiti akakaa upande wangu wa meza.

Kwa hivyo lile koti halikupotea kwa dobi kama nilivyokuambia. Nililirudisha mwenyewe, likatiwa kwenye mfuko na takataka za tanuru. Usiku ule ulipolitafuta chini ya kitanda na nyuma ya sufuria, ukaniuliza kama nimempa mtoto mwingine, nilikuwa najua liko wapi na nikakuambia sijui. Nilitoa godoro, nikatoa mkeka, nikaosha kuta na sakafu kwa maji ya sabuni, kwa kitambaa kibichi, sikufagia, kwa sababu ukifagia unaliamsha vumbi. Ndiyo maana ulihamia kwa Mama Rehema. Ulifikiri nimechoka kulala na wewe. Mimi nalala hapa kwenye sakafu tupu nikisikia ukigeuka upande ule mwingine wa mabati. Juzi ulikohoa na nikasema "pole" kwa sauti, nikiwa peke yangu kwenye chumba, kama mwendawazimu.

Lakini mchanga wa hapa nje siwezi kuuosha. Sista amesema mtoto atolewe kwanza, mengine yafuate. Utoke kwenye vumbi, ule vizuri, maharagwe, ndengu, terere, maziwa pia, maziwa ni mazuri, kosa halikuwa la maziwa. Halafu upimwe tena.

Nilimuuliza kama kichwa chako kitarudi kuwa vile kilivyokuwa. Hakuniambia ndiyo. Hakuniambia hapana. Alisema watoto hutofautiana, na kwamba tumewahi, tungeweza kuchelewa zaidi. Nimelala na hayo maneno kila usiku. Kazini nimezoea kuona kitu kilichokufa kikiingia kwenye moto na kutoka kikiwa kipya, na kuna siku nilikuwa karibu kujidanganya kwamba kila kitu kiko hivyo. Mtoto si betri. Hakuna mahali pa kumpeleka akayeyushwa aanze upya. Unachomfanyia kinabaki, na wewe unabaki nacho, na asubuhi unaamka unapika uji.

Ila sijakata tamaa, usifikiri. Tangu ulale kwa Mama Rehema hujashika tumbo. Na jana uliporudi kutoka dukani ulinieleza kila mtu uliyekutana naye, na nguo aliyovaa, na nani alikuwa ananunua unga kwa mkopo akajifanya hakuoni. Hukusahau hata mmoja. Niligeukia jiko ili usinione uso.

Utaniuliza mbona na mimi nisije Molo. Nimejiuliza pia. Huko ningekuwa nalima viazi vya watu, na hapa niko na kazi, natafuta chumba Free Area, mbali na huu mchanga, na chumba kinataka mtu wa kukitafuta. Damu yangu pia inafuatiliwa hapa. Hizo ndizo sababu za kumwambia mtu. Iko nyingine. Wameniweka kwenye mlango wa vyumba vya kuogea, niwaonyeshe wapya vile mtu anaingia na nguo za nyumbani upande huu na kutoka upande ule bila kubeba kitu. Wapya hawapendi. Juzi msichana mmoja wa mashine ya kukata, hajafika hata umri niliokuwa nao nilipokupata, aliniambia, "Mathe, zii, wewe umekuwa karau wa sabuni." Wenzake wakacheka kuniona nimefanywa polisi. Nikamuuliza kama ana mtoto. Akasema anaye, yuko kwa mamake kule Njoro, siku hizi anakimbia. Nikamwambia habari ya koti, yote, kama nilivyokuandikia. Alivua gambuti akaingia kuoga. Sijui kama ni sawa mtu kupenda kazi iliyoingia kwenye damu ya mtoto wake. Najua tu kwamba nikiondoka pale mlangoni, atakayesimama hatakuwa na hadithi ya kuwasimulia.

Sitakuambia utarudi Krismasi. Sijui utarudi lini, na kitu nisichokijua sitakukopesha. Utarudi ledi ikishuka kwenye damu na chumba kikipatikana. Mimi nitakuja kila nikipata siku ya ofu, nikiwa nimeoga kazini, nimevaa nguo ambayo haijawahi kuliona geti la kiwanda, na utanilalia begani mpaka uchoke wewe kwanza.

Na ukinikasirikia, kasirika. Nikipiga simu usiseme "niko sawa mami" kwa ile sauti ya kusoma ubaoni. Mimi nilimwambia Tata Njeri niko sawa miaka yote, na alikuwa na haki ya kuniamini. Mwambie Cucu pia. Akinyamaza, muulize tena. Amezeeka, siku hizi ukimuuliza mara ya pili anajibu. Na usiku ule wa kwanza, kitanda kikiwa kigeni na harufu si yangu, usifikiri kwamba niko mbali nimelala. Nitakuwa macho kama wewe. Hilo haliwezi kukusaidia kulala, lakini utajua kwamba tuko wawili, na kama…

Unaniita. Mama Rehema naye anasema kupitia mabati kwamba amekataa kukusuka, kwamba kichwa cha safari husukwa na mama mwenyewe. Umekuja mlangoni na kitana, na mafuta, na ile stuli, umeiweka karibu na miguu yangu, umekaa umenipa mgongo. Umefungua nywele zote. Unasema unataka mistari ya kurudi nyuma, midogo midogo, ikae muda mrefu isifumuke huko Molo. "Mami, kuja basi, giza inaingia." Nakuja. Mikono nimenawa, nakuja, wacha tu nimalize hapa, nilikuwa nataka kukuambia kwamba mimi na wewe…